Gari Lililotoka Gereji: Kutoka Arua Hadi Lurujo

Safari hii ilikuwa ya kupeleka mguu. Ninafanya kazi Arua, kaskazini-magharibi mwa Uganda, katika karakana ndogo inayotengeneza miguu ya bandia, na ndugu zangu wa Singida bado huniuliza kama kazi ya namna hiyo ipo kweli. Ipo. Juma hilo ilinibidi nifike Lurujo, upande wa Koboko, kabla ya Jumamosi, kwa sababu Jumamosi mwanamke mmoja aitwaye Mama Poni alikuwa anamwoza binti yake wa kwanza, Poni.

Mama Poni alikatwa mguu wa kushoto, chini kidogo ya goti, baada ya kidonda kushindikana. Mguu wa kwanza niliomtengenezea ulikuwa umeanza kulegea, maana kigutu husinyaa kadiri miezi inavyopita. Nikampima upya, nikamtengenezea mguu mwingine, akaujaribu Arua, ukabaki karakana umaliziwe. Shemeji zake walitaka abebwe kwenye kiti mpaka ndani ya kanisa. Walisema ni heshima. Yeye akanitumia ujumbe wa sauti, mfupi sana: "Daktari, mimi si gunia. Nitaingia na Poni, natembea. Leta mguu." Mimi si daktari, lakini kule huniita hivyo wote, na nimeacha kubisha.

Alhamisi mchana, Arua. Nilikwenda kulichukua gari la karakana kwa wakala aliyetuuzia, ambako lilikuwa limefanyiwa huduma ya kawaida: mafuta ya injini, chujio la mafuta hayo, chujio la hewa na plagi nne. Walinipa karatasi yenye orodha ya kazi zote, na kila kisanduku kilikuwa na alama ya vema. Gari lilikuwa limeoshwa. Nilipokuwa nikisubiri geti lifunguliwe, nilihisi usukani unatetemeka kidogo, kama mtu anayeshikwa na homa lakini hajakubali kuwa anaumwa. Lilipopelekwa huduma halikuwa na mtetemeko huo. Nikajiambia ni plagi mpya, zitazoea. Plagi hazizoei chochote, na mimi nalijua hilo.

Ijumaa, saa mbili asubuhi. Tuliondoka Arua watu wawili, mimi na Ayikoru, mtaalamu wetu wa mazoezi ya viungo. Ayikoru ni mwanamke wa Kilugbara, wa Arua, lakini mama yake ni Mkakwa wa Koboko, kwa hiyo anakijua Kikakwa cha Mama Poni kuliko mimi nitakavyokijua maisha yangu yote. Mguu ulikuwa kiti cha nyuma, umefungwa kwenye kanga, na sanduku la vifaa pembeni yake. Barabara ya Koboko ni ya lami na si ndefu. Siku ya kawaida tungefika kabla ya chai ya saa nne.

Baada ya kupita Manibe, kwenye mpando wa kwanza, nilikanyaga mafuta na gari halikuitika. Lilikohoa, likasitasita, kisha likaenda kwa ghafla kama lililosukumwa. Taa ya njano ya injini ikawaka. Kwenye tambarare, mwendo ukiwa ule ule, lilitulia kabisa. Mpando mwingine, kikohozi kile kile. Nilipopunguza mwendo kupisha ng'ombe, likazima.

"Jana liko hivi?" Ayikoru aliuliza.

"Jana lilikuwa linatetemeka."

"Na hukusema."

Nikawasha tena.

Maracha, saa tatu na nusu. Tuliingia kwa fundi mmoja aliyekuwa na kibanda karibu na kituo cha mafuta. Alikuwa mtu mkarimu, mwenye haraka. Hata kabla injini haijazimwa alikuwa ameshatoa hukumu: "Hii ni petroli ya maji. Wanachanganya. Nimeona gari kumi hivi hivi." Akashuka chini ya gari, akafungua kizibo cha chini ya tangi, akakinga petroli kwenye chupa ya plastiki na kuiinua juani. Ilikuwa safi. Akasema basi uchafu umekwama mbele, akapuliza mrija. Tukawasha, likatetemeka vile vile. Akahamia kwenye plagi, akazitoa zote nne, akazipanga juu ya gazeti. Zilikuwa mpya, hazina kasoro. Akazirudisha.

Wakati anafanya hayo nilimpigia wakala simu. Aliyepokea alinisikiliza kwa adabu hadi mwisho, kisha akasema, "Sisi tulifanya savisi tu. Gari ilitoka hapa nzima. Hiyo ni kitu ingine. Leta Jumatatu tuangalie." Nilimweleza kwamba Jumatatu haitanifaa kitu. Akasema pole.

Ilikuwa inakaribia saa sita. Ayikoru alitoa shauri kwamba achukue bodaboda, aende na mguu, mimi nibaki na gari. Nilikataa. Mguu peke yake ungefika, lakini bila vifaa vya kuurekebisha ungekuwa kipande cha plastiki na chuma, na sanduku la vifaa halipandi pikipiki. Hapo yule fundi, ambaye nguo zake zilikuwa zimelowa petroli yetu, akasema jambo ambalo nilimheshimu kwalo: "Mimi nimeshindwa. Msiharibu siku hapa. Nenda polepole mpaka Koboko, ulizeni Rajabu. Huyo mutu iko na kichwa."

Koboko, saa saba kasoro. Tulifika kwa kuviziana na gari: sikukanyaga mafuta kwa nguvu, na kila nilipolazimika kusimama niliweka mguu mmoja kwenye breki na mwingine kwenye mafuta, injini isizime. Gereji ya Rajabu tulioneshwa na mtu wa kwanza tuliyemwuliza. Ilikuwa imefungwa. Siku ilikuwa Ijumaa, na Rajabu ni Mnubi, mmoja wa wale Waislamu wa mjini ambao babu zao walikuja na jeshi kutoka Sudan. Alikuwa msikitini.

Tukangoja. Mke wake alitutolea viti na chai yenye tangawizi nyingi, akaketi na Ayikoru kuzungumza habari za harusi kana kwamba wamejuana miaka. Mimi nilikaa nikitazama saa. Nilikuwa nimekasirika, na hasira yangu haikuwa na mahali pa kukaa: mara kwa wakala, mara kwa petroli, mara kwa Ijumaa yenyewe. Mama Poni alipiga simu mara moja. Alisema tu, "Mko wapi?" Nikamwambia Koboko. Akasema, "Basi mmefika," akakata.

Saa nane, Rajabu alirudi. Ni mtu wa makamo, mwembamba, kanzu nyeupe bado mwilini. Nilimwamkia shikamoo kwa mazoea ya nyumbani, akacheka, akaniambia hiyo huku haitumiki, nisalimu tu. Akavua kanzu, akavaa koti la kazi, lakini hakuchukua spana. Alisimama mbele ya gari na mikono nyuma.

"Ilianza lini?"

"Jana. Ilipotoka gereji."

"Kabla ya gereji ilikuwa vipi?"

"Nzima kabisa."

"Ilienda gereji kwa sababu ya ugonjwa?"

"Hapana. Huduma ya kawaida tu."

"Walishika nini?"

Nikampa ile karatasi. Aliisoma polepole, kidole kikifuata mistari. Kisha akauliza fundi wa Maracha alifanya nini, nami nikamweleza: tangi, mrija, plagi.

"Tangi iko hapa kwa karatasi?"

"Haipo."

"Basi kwa nini alienda kwa tangi? Ile hawakushika." Hakusema kwa dharau. "Gari haipati ugonjwa kwa kuoshwa. Iliingia mzima, ikatoka mgonjwa. Mimi natafuta mkono ya huyo fundi ilipita wapi. Mahali mkono ilipita, shida iko hapo. Kama haiko hapo, ndiyo nitaenda kwa tangi."

Akafungua boneti, akaifuata ile karatasi mstari kwa mstari. Alijaribu kukaza kifuniko cha mafuta ya injini, kilikuwa kimefungwa. Alichomoa kijiti cha kupimia mafuta, akakirudisha hadi mwisho, akapapasa chujio la mafuta kuona kama linavuja. Akagusa waya za plagi moja moja, akizivuta kidogo kuona kama zimeshika. Zote zilikuwa sawa. Likabaki chujio la hewa.

Chujio hukaa ndani ya boksi la plastiki, na kutoka kwenye boksi hilo bomba nene la mpira hupeleka hewa kwenye injini. Ili kubadilisha chujio, fundi hulichomoa bomba na kulirudisha, kisha hulibana kwa klipu ya chuma. Kwa juu, klipu yetu ilikuwa mahali pake, imenyooka vizuri. Rajabu alipitisha kidole kwa chini, mahali ambapo jicho halifiki, akaganda.

"Mama, washa," alimwambia Ayikoru. "Sasa kanyaga kidogo."

Injini ilipokanyagiwa mafuta ilijisogeza upande mmoja, kama kawaida ya injini zote, na bomba likafunguka kwa chini kama mdomo. Hata mimi nilisikia: mluzi mwembamba. Ncha ya bomba ilikuwa imekunjika kwa ndani wakati wa kurudishwa, na klipu ikabanwa juu ya mkunjo. Hewa ilikuwa inaingia kwa mlango wa wizi, bila kupita kwenye kipimo ambacho huiambia injini imwage petroli kiasi gani. Injini ilikuwa ikipata hewa nyingi na petroli kidogo, na kila ilipokanyagiwa zaidi tundu lilizidi kupanuka.

Rajabu alichukua kitambaa kilicholowa, akakishindilia kwenye tundu kwa kiganja. Mtetemeko ukakoma papo hapo. Akatoa mkono, ukarudi. Akaziba, ukakoma. Alifanya hivyo mara tatu akinitazama mimi, si injini, mpaka alipoona nimeridhika.

"Sasa naweza kushika bisibisi," alisema.

Kazi yenyewe haikuchukua muda wa kunywa kikombe cha chai. Alilegeza klipu, akalitoa bomba, akaikunjua ncha, akairudisha na kuikaza. Taa ya njano, alisema, inaweza kukaa siku mbili tatu kisha itazima yenyewe, nisiogope. Nilimwuliza alijifunza wapi. Akasema baba yake alikuwa fundi wa malori ya jeshi, na alikuwa akiwakatalia wanawe kushika chombo chochote kabla hawajamhoji dereva. "Alisema spana ya kwanza ni mdomo."

Hakutaka tuchelewe kwa shukrani. Alifunga boneti, akamwuliza Ayikoru bibi harusi ni wa ukoo gani, akatuombea dua.

Lurujo, saa kumi kasoro. Barabara ya kwenda huko ni ya udongo mwekundu, katikati ya mashamba ya mihogo na tumbaku, na gari lilipanda kila mpando bila neno. Nyumbani kwa Mama Poni kulikuwa na turubai, masufuria makubwa, na wanawake wengi wakichambua maharagwe kwenye nyungo. Mwenyewe alikuwa amekaa mlangoni mwa nyumba yake, magongo yamelazwa chini. Ni mwanamke mrefu, hana maneno mengi. Hakutuuliza kwa nini tumechelewa.

Nilimvisha mguu. Ulikaa vizuri kwenye kigutu, haukubana wala kucheza. Akasimama. Hatua ya kwanza, ya pili, na ya tatu goti likamkunjika mbele kana kwamba mtu kamsukuma kwa nyuma. Ayikoru akamdaka. Tukajaribu tena, hali ikawa ile ile, na safari hii akashika mbele ya kigutu, penye mfupa.

"Inauma hapa," alisema.

Wale wanawake walikuwa wameacha maharagwe. Shemeji yake mmoja alisema kwa sauti ya upole kwamba kiti kipo, hakuna aibu. Mama Poni hakumtazama.

Mimi nilifanya kile ambacho fundi wa Maracha alifanya. Nilikwenda kwenye jambo nililolizoea. Maumivu mbele ya kigutu, mara nyingi, ni kikombe, yaani ile sehemu ya juu inayokishika kigutu. Basi nikauvua mguu, nikachora kwa penseli mahali pa kupunguza, nikatoa tupa. Ukishapunguza kikombe huwezi kurudisha. Tupa ilikuwa imeshagusa plastiki Ayikoru aliponishika kiwiko.

"Daktari," alisema kwa sauti ya chini, "kikombe ulikijaribu naye wiki iliyopita, akatembea vizuri. Tangu siku hiyo nani ameshika nini?"

Nilitaka kumjibu kwamba hakuna. Kisha nikatazama chini. Wiki iliyopita, Arua, Mama Poni alitembea na ndara zake bapa, na unyayo niliufunga kwa kipimo cha ndara hizo. Leo alikuwa amevaa viatu vyeusi vipya, vya kisigino. Hakikuwa kirefu, urefu wa vidole viwili tu. Kwa mtu mwenye miguu yake, kifundo hujikunja na kusawazisha. Mguu wangu hauna kifundo cha kujikunja. Ukiunyanyua kisigino, wote unalalia mbele, na goti linakwenda nao.

Nikamwuliza kama anaweza kuvaa ndara kesho. Mama Poni alitikisa kichwa.

"Viatu hii Poni amenunua," alisema. "Amenunua ya kwake na ya kwangu siku moja. Nitavaa hii. Wewe tengeneza mguu."

Juu ya unyayo kuna skrubu nne ndogo. Nililegeza mbili, nikakaza mbili, nikaegemeza mguu nyuma kidogo. Hilo tu. Akasimama. Alitembea hadi kwenye masufuria, akageuka, akarudi, goti lilitulia. Akaenda tena, peke yake, na safari hii alipita karibu sana na shemeji yake. Kisha akawaambia wanawake kitu kwa Kikakwa, wote wakaangua kicheko. Nilimwuliza Ayikoru amesema nini.

"Anasema kiti ile wampe daktari, amechoka."

Jumamosi asubuhi, Lurujo. Aliingia kanisani ameshikana mkono na Poni. Hakuna aliyepiga kigelegele hadi walipofika mbele, sijui kwa nini; watu walikuwa wametulia kama wanaotazama mtu anayevuka daraja la gogo. Mimi nilitazama goti. Hiyo ndiyo kazi yangu, na ukweli ni kwamba sikuona kitu kingine chochote mpaka alipoketi. Mchana, kabla ya kuondoka, niliurudisha unyayo kwenye kipimo cha ndara, akanipa karanga kwenye mfuko na kunisindikiza hadi kwenye gari.

Jumatatu, Arua. Nilikwenda kwa wakala, nikiwa nimepanga maneno makali njia nzima. Waliniitia fundi aliyefanya kazi ile, mtu mzima mwenye miwani, jina lake Candia. Nilimwonesha mahali. Hakubisha. Alisema alikuwa anakaza ile klipu alipoitwa kwenye gari jingine, na aliporudi aliona klipu imekaa, akafunga boneti na kujaza karatasi. "Nilijaza kwa macho," alisema. Maneno yangu makali yakaniishia. Alikwenda ofisini kuangalia ni magari gani mengine aliyoyafunga siku ile.

Nikarudi karakana, nikatoa faili letu. Kila mtu niliyemtengenezea mguu ana karatasi yake: kikombe kimekaa, urefu uko sawa, ametembea mbele yangu, hana maumivu. Vema, vema, vema, vema. Hakuna mstari hata mmoja unaouliza atavaa viatu gani akifika kwake. Hiyo ndiyo elimu niliyorudi nayo: alama ya vema huthibitisha kwamba mkono ulipita, haisemi uliacha nini nyuma yake, na kabla ya kushika tupa au spana, mtu aulizwe.

Nikaanza kupiga simu, jina la kwanza hadi la mwisho. Wengi walisema hawana shida. Mmoja alilalamika kuhusu mkanda. Wa saba alikuwa Mzee Anguyo, mfanyabiashara wa mihogo mikavu huko Inde, kusini mwa Arua, ambaye nilimpa mguu miezi minne nyuma. Nilimwuliza anavaa viatu gani.

"Buti," alisema. "Lakini mguu sivai. Niliweka chini ya kitanda. Inanisukuma mbele."

"Tangu lini?"

"Tangu wiki ya kwanza."

"Mbona hukunipigia, mzee?"

Alishusha sauti, kama anayetafuta namna ya kutonikosea adabu.

"Wewe uliandika iko sawa, daktari. Nilifikiri shida ni mimi."

Nilimwomba asiende sokoni mchana huo, anisubiri nyumbani, na buti zake aziweke karibu. Kisha nikachukua sanduku la vifaa na funguo za gari, nikashika barabara ya Inde.